Kahawa na mashine za mgahawa Dar: pesa ianze kwenda wapi

Ukishalipia fremu Sinza au Mikocheni, kishawishi cha kwanza ni kuzunguka mjini kuulizia mashine ya espreso. Inang'aa na wateja wataiona. Lakini kikombe kibaya hapa Dar mara nyingi hakisababishwi na mashine. Chanzo huwa kahawa iliyokaa, kisagio cha bei ya kutupa au maji ya kisima. Kwa hiyo naanza na msambazaji wa kahawa, na mashine nitaifikia mwishoni.

Msambazaji: nafasi ya kwanza ni mkaangaji wa hapa hapa Dar

Sababu ni joto na unyevu wa pwani. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu mara mfuko unapofunguliwa, na hali ya hewa yetu haisaidii. Mtu anayekaanga kila wiki na kukuletea kidogo kidogo ana thamani kuliko anayekupunguzia bei ukichukua mzigo wa miezi mitatu. Kwenye mfuko tafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikwambii lolote la maana. Kwa espreso, iache ipumzike kama wiki moja ili hewa ya ukaa itoke, kisha jitahidi iishe ndani ya mwezi.

Muulize inatoka wapi na ni ya msimu gani. Arabika ya Kilimanjaro na Arusha, ya Mbozi, ya Mbinga na ya Tarime hazina ladha moja, na robusta ya Kagera ni habari nyingine kabisa: chungu zaidi, povu zito, kafeini karibu maradufu. Akijibu tu kwamba "ni AA, namba moja", jua anakuuzia ukubwa wa punje. AA, A na B hupangwa kwa chekeche, na PB ni punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda. B iliyovunwa ikiwa nyekundu na kukaushwa vizuri huishinda AA iliyosahaulika ghalani.

Unapoonja, onja na maziwa yale yale utakayoyatumia. Wateja wengi wa Dar wamelelewa na chai ya maziwa, kwa hiyo lati na kapuchino ndizo zitakazolipa kodi ya fremu. Kahawa iliyokaangwa kidogo sana, yenye uchachu wa matunda, hupotea ikikutana na maziwa. Chagua iliyokaangwa wastani kuelekea nyeusi, na usione aibu kuchanganya robusta kiasi.

Nafasi ya pili: mkaangaji wa Moshi au Arusha

Yuko karibu na mashamba na mara nyingi anajua chama cha ushirika kilichomuuzia. Mzigo unapanda basi jioni, asubuhi unaufuata stendi ya Magufuli, Mbezi. Tatizo ni Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na mabasi yanajaa kila kitu isipokuwa kifurushi chako. Agiza mapema.

Ya tatu: kununua kahawa mbichi na kukaangiwa

Inafaa ukishakuwa na matawi mawili au zaidi. Kahawa hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito ikikaangwa, kwa hiyo gunia la kilo 60 litakupa kama kilo 50. Nunua kwa mwenye leseni, maana biashara hii inasimamiwa na Bodi ya Kahawa, na usilaze gunia kwenye stoo yenye unyevu.

Ya mwisho: pakiti za Italia za supamaketi

Italia ni mnunuzi wa siku nyingi wa kahawa ya Tanzania. Kuilipia tena ikirudi na umri wa miezi kadhaa ni anasa nisiyoielewa.

Vifaa: kisagio kwanza

Bajeti ikibana, punguza kwenye mashine, usipunguze kwenye kisagio. Espreso ya kawaida ni gramu 18 za unga zinazotoa gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Kisagio chenye visu vya kukatakata kama blenda hakiwezi kukupa unga wa ukubwa mmoja, hata mashine ikiwa ya gharama gani. Tafuta chenye meno bapa, na uliza meno ya kubadilisha yanapatikana wapi.

Kisha maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chokaa hujenga ukoko ndani ya boila hadi mashine ife polepole. Pima maji kabla ya kununua chujio. Ya bomba na ya kisima hayahitaji chujio la aina moja.

Mashine yenyewe naipanga hivi. Juu kabisa ni ya vichwa viwili (sehemu mbili za kutolea kahawa) iliyotumika, ya kampuni ambayo fundi wake yupo mjini na gasketi zake zipo dukani. Mwombe muuzaji afungue kifuniko uone ukoko na nyaya, kisha iwake saa nzima huku ukitazama kama geji inasimama kwenye baa 9 wakati kahawa inatoka. Soma kibandiko cha umeme: iliyotoka Marekani huenda haikutengenezewa volti 230 zetu. Vichwa viwili hula kilowati 3 hadi 4 au zaidi, kwa hiyo kama fremu ina umeme wa njia moja (fezi moja) pamoja na friji na kiyoyozi, muite fundi umeme kabla ya kulipa. Stabilaiza si hiari.

Inayofuata ni mpya ya kichwa kimoja, kwa mgahawa mdogo wa watu wachache asubuhi. Ya kubonyeza kitufe inafaa ofisini. Ikiharibika, imeharibika yote. Za vidonge, yaani vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja, achana nazo.

Utakutana pia na msambazaji atakayekupa mashine "bure" mradi ununue kilo kadhaa kwake kila mwezi. Piga hesabu kwanza. Kilo moja, ukitoa inayomwagika, ni vikombe 50 hivi. Kilo 20 ni vikombe 1,000 kwa mwezi, zaidi ya 30 kila siku pamoja na Jumapili. Kama unauza 15, nusu itakuozea stoo. Ukikubali, mkataba useme nani analipia vipuri, fundi anafika ndani ya saa ngapi, na unarudishaje mashine ukitaka kuhama.