Droni ya kuporomosha theluji: maoni baada ya msimu mmoja

Asubuhi inayofuata usiku wa theluji nzito, kabla mgeni yeyote hajaruhusiwa kupanda, mlima hulipuliwa kwanza ili theluji ya hatari iporomoke mapema. Ndugu zangu wa Arusha hucheka kila ninapowasimulia jambo hili kwa simu, wakidhani natia chumvi, lakini ni kazi ya kawaida katika vituo vya michezo ya theluji vya milima ya Rockies, Amerika Kaskazini, ambako nimehudumia lifti za viti kwa misimu minne. Msimu uliopita kituo chetu kiliingia mkataba wa majaribio na mtoa huduma anayerusha droni zinazodondosha baruti kwenye miteremko ya hatari, nami nilipangwa kulinda mpaka wa eneo lililofungwa kila ziliporuka. Sitaitaja kampuni hiyo kwa jina, kwa kuwa ninachopima hapa ni namna ya kufanya kazi yenyewe.

Theluji haiporomoki kwa sababu ni nyingi tu. Upepo huisomba kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili, ikagandamana kuwa bamba gumu lililokalia tabaka dhaifu la chembe zisizoshikana. Kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja bamba hilo, na lote likaondoka naye. Aliyefukiwa asipotolewa ndani ya dakika 15 hivi, matumaini ya kumkuta hai hushuka kwa kasi, kwa hiyo heri liporomoke kwa makusudi saa kumi na moja alfajiri, mlima ukiwa mtupu.

Kwa desturi ya kituo chetu, walinzi wa mteremko hupanda wawili wawili wakiwa na baruti mgongoni, hufika ukingoni, huwasha utambi wa sekunde 90 au zaidi, hurusha, kisha hujisogeza pembeni. Yeyote aliyewahi kuishi karibu na migodi ya Mererani anaijua adabu ya baruti: utambi ukishashika moto, harudi mtu nyuma kuchungulia. Tofauti ni kwamba mchimbaji ana mwamba wa kujificha nyuma yake, ilhali mlinzi amesimama karibu kabisa na kitu kilekile anachotaka kianguke. Februari 2025, mlinzi mmoja wa Mammoth Mountain, California, alifariki baada ya kunaswa na poromoko akiwa katika kazi hiyohiyo.

Droni tuliyoletewa ilikuwa na mikono sita na upana wa meza ya kulia chakula. Betri zake zililetwa ndani ya sanduku lenye kipasha joto, nami mwanzoni niliona ni madaha, hadi nilipoelezwa kwamba betri za lithiamu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi kali. Rubani alisimama kwenye maegesho, mahali salama kabisa, akitazama kioo kilichoonyesha mteremko kutoka juu, huku mlinzi mzoefu akimwelekeza pembeni yake: sogea kushoto, shuka kidogo, hapo penye uvimbe. Kifurushi cha baruti kikaachiwa, droni ikajitenga, na baada ya muda mrefu kuliko nilivyotarajia tukauona moshi kabla ya kuusikia mshindo. Ufa mwembamba kama uzi ukakimbia kukata mteremko kwa upana, bamba likabaki kama limeganda kwa nusu pumzi, kisha likavunjika vipande vikubwa kama milango na kutoweka ndani ya vumbi jeupe. Hakuna mtu aliyekuwa juu kule, na kwangu hiyo peke yake ilitosha kuhalalisha safari.

Usahihi nao ulinivutia. Maeneo ya kudondoshea yalihifadhiwa kwenye programu, na safari iliyofuata droni ilirudi yenyewe palepale. Kamera ilipiga picha kabla na baada, hivyo walinzi waliona theluji iliyosalia bila kupanda kuikagua. Ilifika pia kwenye vibaraza vya theluji vinavyoning'inia, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasogei.

Kasoro yake kubwa ni ile ambayo matangazo huipitia haraka. Theluji huwa hatari zaidi dhoruba inapovuma au inapoisha tu, na hizo ndizo saa ambazo droni hukaa chini. Asubuhi mbili za Januari upepo uliizuia kabisa. Asubuhi nyingine ilirudishwa baada ya dakika chache kwa sababu barafu ilishika panga zake. Mzinga, unaofyatua makombora mlimani kutoka mbali, haujali mambo hayo. Katika Rogers Pass, Kanada, wanajeshi hupiga mizinga ya milimita 105 kulinda barabara kuu, na shabaha zikiwa zimepimwa mapema, ukungu si kizuizi. Minara ya kampuni ya Wyssen ya Uswisi, inayobeba mabomu 12 kila mmoja na kuyaachia kwa amri ya mbali, nayo hufanya kazi usiku wa dhoruba. Hata hivyo mnara hauhamishiki kwa urahisi, na mzinga huweza kuacha makombora yasiyolipuka mlimani, hivyo siwashangai wanaotafuta njia nyingine. Idara ya uchukuzi ya Alaska imeshatumia droni juu ya barabara zake, na kampuni ya Drone Amplified ya Nebraska, iliyojulikana kwanza kwa mtambo wa IGNIS wa kuwasha moto wa kudhibitiwa msituni, imetengeneza mfumo wa theluji unaoitwa MONTIS.

Kwa upande wa huduma, mtoa huduma wetu alikuwa makini kwa usalama na mzembe kwa hesabu. Kifurushi kimoja kilipokataa kulipuka, tulisubiri saa nzima bila mtu kupandisha sauti, kama inavyopasa. Lakini siku ambazo droni haikuruka zilitozwa bei ileile ya siku za kazi, jambo ambalo mkataba ulilitaja kwa maandishi madogo. Anayefikiria kuajiri huduma kama hii na akubaliane mapema nani anabeba gharama ya upepo, na aulize kibali cha mamlaka ya anga cha kubeba vilipuzi, kwa maana nchini Marekani ruhusa ya kurusha droni haimaanishi ruhusa ya kubeba baruti.

Naipendekeza ichukue nafasi ya mkono wa mlinzi kila hali ya hewa inaporuhusu, wala si nafasi ya mnara juu ya barabara inayopita mabasi usiku na mchana. Mwishoni mwa Machi ilianguka sentimita 60 kwa usiku mmoja, na upepo haukukoma hadi saa nne asubuhi. Droni ilibaki ndani ya sanduku lake, kipasha joto kikiwaka, na walinzi wawili wakapita mbele yangu na mizigo yao mgongoni kuelekea ukingoni.