Kituo cha matibabu cha barabara ya 12 Ngamiani, hapa homa ya safari wanaijua

Naandika kwa ajili ya watu wa hapa Tanga ambao ndugu zao wanarudi safari na homa isiyoeleweka. Shemeji yangu alikaa Mumbai wiki tatu akimuuguza mama yake aliyekwenda kufanyiwa operesheni, karudi mzima kabisa, siku ya kumi homa ikaanza, mwanzoni jioni tu halafu kila siku inapanda kidogo, kichwa kinagonga, choo hapati, chakula hataki hata kukiona. Kituo cha kwanza tulikopita wakampima malaria, hana, wakampima Widal, kile kipimo cha taifodi, ikasoma anayo, wakampa vidonge vya sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) haya nenda. Siku nne anameza, homa 39 iko palepale.

Ndo tukaja hapa. Yule daktari dada hata kalamu hajashika akamuuliza, umetoka wapi na huko ulikuwa unakula nini? Shemeji akataja juisi za barabarani, na barafu. Dokta akatuelewesha taratibu kwamba Widal inaangalia kinga ya mwili sio bakteria wenyewe, mtu aliyeumwa taifodi zamani inaweza kusoma tu, na kwamba taifodi ya kule India nyingi imeshakuwa sugu kwa sipro. Akataka damu ioteshwe, yaani ikae maabara waone ni bakteria gani wanaota na dawa gani inawaua. Nesi alisugua mkono kwa spiriti, akasubiri ikauke kabisa, ndo akavuta damu akaigawa kwenye chupa mbili zenye maji ya rangi ya chai. Majibu hawakuyangoja, seftraksoni, dawa nyingine ya bakteria ya kuchoma kwenye mshipa, ikaanza siku hiyohiyo.

Siku ya tatu majibu yakatoka, ni Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, sipro haiiwezi, seftraksoni inaiua. Homa ilishuka siku ya tano, na hapa nawasihi sana jamani msikate tamaa mkabadili dawa, dokta alishatuambia hata dawa ikiwa sahihi homa inaweza kuchukua siku nne mpaka saba kutulia. Ila tumbo likiuma ghafla na kukaza tukimbie usiku huohuo maana utumbo unaweza kutoboka.

Kasoro, dirisha la malipo ni moja na foleni inakera ukiwa na mgonjwa anayetetemeka, na kuotesha sio bei ya Widal, jiandaeni. Mkifika semeni palepale mapokezi mgonjwa katoka nchi gani, karudi lini na keshameza dawa gani, bebeni na maboksi yake.