Matera au Ostuni?

Uko Bari, kusini mwa Italia, una siku moja tu. Ostuni ni rahisi: treni ya kwenda Lecce inasimama hapo, kisha unapanda basi hadi kilimani. Mji umepakwa chokaa, mweupe pe, bahari iko kama kilomita 8. Unapiga picha, unakula, unarudi. Basi.

Matera, mkoani Basilicata, inafikiwa kwa kitreni cha reli nyembamba kinachokwenda polepole. Hata hivyo mimi ningekwenda huko. Nyumba za Sassi, mitaa yake ya kale, zimechongwa kwenye mwamba. Paa la hii ndilo njia ya jirani wa juu. Ingia kwenye pango lililohifadhiwa kama zamani: kitanda kilichoinuliwa juu, kuku chini yake, na kule ndani zizi la nyumbu. Chumba kimoja! Mwaka 1952 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha watu kama 15,000, maana hali yao ilikuwa aibu ya taifa. Leo wageni wanalipa pesa nzuri kulala mapango yale yale.

Ila ngazi za mawe zinateleza, na sanduku la magurudumu litakutesa. Beba begi la mgongoni, na usiondoke bila ule mkate wa ngano ngumu.