PreventT2 kwa viwanda vya Nairobi: mtaala ni wa bure, saa ya kazi ndiyo bei yake

PreventT2 ni mtaala wa mwaka mmoja uliotayarishwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti na uzuiaji wa magonjwa. Umekusudiwa watu ambao sukari yao ya damu imepita kawaida lakini haijafika kiwango cha kisukari. Mwongozo wa mkufunzi na karatasi za washiriki hupakuliwa bila malipo, kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo kampuni ya Nairobi isikubali kuuziwa mtaala huu. Gharama yake halisi ni saa moja ya kazi yenye malipo, karibu kila wiki kwa miezi sita, pamoja na utayari wa kubadilisha kinachopikwa kantini. Mwajiri asiye tayari kutoa mambo hayo mawili asianze. Kupima watu sukari asubuhi moja kwa mwaka na kuwarudisha kwenye mashine hakuzuii kisukari.

Muundo ni rahisi kueleweka. Vipindi visivyopungua 16 hufanyika katika miezi sita ya kwanza, na visivyopungua sita katika miezi sita ya pili, kila kimoja takriban saa moja. Mshiriki hupimwa uzito kila kipindi na huandika alichokula na dakika alizofanya mazoezi. Malengo ni mawili: kupunguza asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa kuanzia, na kufikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu wa kilo 85 anatakiwa kupunguza kilo 4.25 hadi kilo 6 hivi. Wengi hudhani wanatakiwa kuwa wembamba, wakakata tamaa kabla ya kuanza, kwa hiyo hesabu hii ifanywe siku ya kwanza, kila mtu na kilo zake.

Ushahidi ulio nyuma yake ni mzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234, ulionyesha kwamba mabadiliko ya maisha yalipunguza visa vipya vya kisukari aina ya 2 kwa asilimia 58, na dawa ya metformin kwa asilimia 31, zikilinganishwa na dawa bandia. Lakini katika utafiti huo kila mshiriki wa kundi la mabadiliko ya maisha alikuwa na mshauri wake aliyekutana naye ana kwa ana. PreventT2 ni darasa la kundi. Mtoa huduma anayemwahidi meneja hiyo 58 kana kwamba ni bidhaa ya dukani anavuka mpaka wa ukweli.

Nani aingie darasani

Hapa ndipo programu nyingi za kazini huharibika mapema. CDC huruhusu mtu kuingia kwa dodoso fupi la maswali saba, ambapo alama 5 au zaidi ni hatari kubwa. Tatizo ni kwamba dodoso hilo hutoa alama kwa umri kuanzia miaka 40. Mwanamume wa miaka 32 mwenye unene uliopitiliza, asiyefanya mazoezi, anaweza kutoka na alama 4 tu, na nguvu kazi ya viwanda vyetu ina vijana wengi. Jedwali lake la uzito pia liko kwa ratili na futi. Tunapendekeza dodoso litumike kuwaalika watu, lisitumike kuwafungia mlango. Mwenye kitambi na mzazi mwenye kisukari apimwe damu hata kama alama zake hazikutimia.

Vipimo vinavyomweka mtu katika hatari ni HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ya asilimia 5.7 hadi 6.4, au sukari ya kufunga, inayopimwa kabla mtu hajala, ya 5.6 hadi 6.9 mmol/L. Anayepata 7.0 au zaidi, au HbA1c ya 6.5 kwenda juu, si wa darasa hili. Apewe barua ya kwenda kliniki kurudia kipimo na kuonana na daktari, na programu ihakikishe amefika.

Glukomita ya kidole, kifaa kidogo kinachopima sukari kwa tone la damu, ni chombo cha kuchuja tu. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi huruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 juu au chini. Maana yake ni kwamba kikisoma 6.2, ukweli unaweza kuwa 5.3, ambayo ni kawaida, au 7.1, ambayo ni kisukari. Uamuzi ufanywe kwa damu ya mshipa iliyopimwa maabara. Na hata hicho cha kidole kina masharti: mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, kwa sababu utelezi wa embe au sukari ya mandazi kidoleni hupandisha namba, spiriti ikauke kabla ya kuchoma, vibanzi vya kupimia vikae kwenye kopo lililofungwa, mbali na joto la karakana.

HbA1c nayo ina mtego wake. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha kwa uongo. Hali zinazovunja chembe nyekundu za damu mapema huishusha, na mashine nyingine hupotoshwa na chembechembe za selimundu (sickle cell), ambazo ni za kawaida kwa watu wa magharibi ya Kenya na Pwani. Matokeo ya HbA1c yasipolingana na sukari ya kufunga, usichague unalolipenda. Uliza maabara inatumia njia gani, na daktari aamue.

Kufunga ni saa nane bila chakula, maji yakiruhusiwa. Mlinzi anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi akiwa amekunywa chai saa kumi alfajiri hajafunga, hata ukimpima kabla jua halijachomoza. Wa zamu ya usiku wapangiwe siku yao ya mapumziko.

Chakula: sura dhaifu kuliko zote

Mafunzo ya chakula ni sahihi kisayansi, ila mifano ni ya jikoni la Marekani na vipimo ni vya vikombe na aunsi. Mkufunzi akisoma kama ilivyoandikwa, darasa linasinzia. Kazi ya kutafsiri isiishie kwenye maneno. Sahani yenyewe itafsiriwe.

Kanuni ni nusu ya sahani mboga zisizo na wanga, robo wanga, robo protini. Sahani ya kantini ya Eneo la Viwanda huwa imegeuzwa: ugali umeshika zaidi ya nusu na sukuma wiki iko pembeni. Mweleze mpishi kwa kipimo cha upawa. Mboga pawa mbili, ndengu au maharagwe upawa mmoja, ugali ukubwa wa ngumi ya mlaji. Sukuma, kabeji, managu, terere na kunde hujaza tumbo kwa gharama nafuu, kwa hiyo bajeti haivunjiki.

Kuna vyakula vinavyowachanganya hata wakufunzi. Mukimo una majani, lakini sehemu kubwa ni viazi na mahindi, hivyo uhesabiwe upande wa wanga. Githeri ni wanga na protini kwa pamoja. Ijaze nusu ya sahani, nusu ya pili iwe mboga. Nduma, matoke na viazi vitamu si mboga, japo vinauzwa kwenye kibanda kimoja na mboga. Chapati mbili kwa madondo ni mlo ambao nusu yake ya kijani haipo kabisa. Chapati moja na kabeji pembeni inaurudisha kwenye mstari bila kumnyima mtu chapati yake.

Halafu kuna chai. Kantini nyingi huipika kwenye sufuria kubwa, sukari ikiwa imeshatiwa. Mfanyakazi hana uamuzi wowote, na daftari la kuandika chakula halimsaidii. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48 kwa siku, karibu mara mbili ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni heri mtu mzima asizizidi. Suluhisho halina gharama: chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani na kijiko kidogo. Wafanyakazi 200 wakinywa vikombe viwili kazini, kila kikombe kikipungua vijiko viwili, kantini inaokoa kilo 3.2 za sukari kwa siku. Hatua hii moja huwafikia hata wasiojiunga na darasa, na tungeiweka mbele ya kila kitu kingine katika programu.

Kwa soda, wafundishwe kusoma nyuma ya chupa: chukua gramu za sukari kwa mililita 100, zidisha kwa tano kwa chupa ya nusu lita, gawanya kwa nne upate vijiko. Ikiwa imeandikwa gramu 10, hapo kuna vijiko zaidi ya 12.

Mazoezi na saa

Dakika 150 hazihitaji jimu. Kipimo cha mazoezi ya wastani ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Wengi wanaotembea kutoka Mukuru kwa Njenga au Mukuru kwa Reuben hadi kiwandani tayari wanafikisha hizo dakika, mradi mwendo ni wa haraka; wao nguvu zao zielekezwe kwenye chakula. Wanaohitaji mpango ni wa ofisini, madereva, washonaji wa mashine na walinzi wa getini. Kushuka matatu vituo viwili kabla hufaa, ila si gizani. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, kundi lisilo na ngazi au ukumbi wa ndani huacha kabisa, na aghalabu halirudi.

Kipindi kisiwekwe saa ya chakula cha mchana, maana hapo unamlazimisha mtu kuchagua kati ya kula na kujifunza kula. Kisiwekwe baada ya saa kumi na moja jioni pia: nauli hupanda, foleni huanza, na wenye watoto nyumbani ndio wa kwanza kutoweka. Somo lile lile lirudiwe mara mbili, kabla ya zamu na baada ya zamu, ndani ya muda unaolipwa, na msimamizi wa zamu apewe ratiba ya mwezi mzima kwa maandishi. Makundi ya watu 10 hadi 15 yanatosha. Mkufunzi si lazima awe daktari wala muuguzi, lakini lazima awe amefunzwa mtaala na awe na msaidizi wa kushika nafasi. Kuanza mwishoni mwa Januari kunafaa zaidi, kwa sababu Desemba, watu wakienda ushago kwenye nyama na soda, inaangukia miezi ya vipindi vichache, wakati tabia zimeshajengeka.

Siri, na uvumi

Mtaala hausemi mengi kuhusu jambo linalowaogopesha wafanyakazi wa hapa kuliko sindano: bosi akijua, nitabaki kazini? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Majina na namba zikae kwa mtoa huduma, idhini iandikwe, na ofisi ya rasilimali watu ipate jumla tu. Hata jumla isigawanywe kwa idara ndogo; ukisema "karakana, watu watatu", kila mtu ameshawajua. Mizani ikae nyuma ya pazia, na namba isitamkwe.

Lipo jingine. Katika mitaa yetu kitambi bado ni dalili ya maisha mazuri, na anayekonda huulizwa kimya kimya kama ni mgonjwa. Mkufunzi azungumzie hili kabla kilo hazijaanza kushuka, ampe mshiriki jibu la kuwaambia majirani, na amkaribishe mwenzi wake katika kipindi kimoja cha mapishi. Mara nyingi anayepika si anayehudhuria.

Mashindano ya nani amekonda zaidi yaepukwe. Watu hushinda njaa, huacha kunywa maji siku ya mizani, kisha uzito hurudi wote. Zawadi, kama zipo, zitolewe kwa mahudhurio.

Mwezi wa 12, CDC huhesabu mafanikio kwa njia tatu: kupungua asilimia 5 ya uzito, au asilimia 4 pamoja na wastani wa dakika 150 za mazoezi kwa wiki, au HbA1c kushuka kwa nukta 0.2. Namba hizo zina maana tu ikiwa mizani ni ile ile na ni ya kweli. Ikaguliwe kila mwezi kwa beli ya unga, pakiti 12 za kilo mbili, ambayo inapaswa kusoma kilo 24 na ushei kidogo wa karatasi. Na viatu vivuliwe tangu siku ya kwanza: jozi ya buti za usalama huzidi kilo moja, na mtu wa kilo 85 aliyepimwa nazo Januari na bila nazo Desemba atakuwa amepewa karibu robo ya lengo lake bila kupungua hata gramu.