Kozi ya tafsiri ya fasihi kwa mtandao: vipindi vya Jumamosi vizuri, majaribio yatupwe

Nimelipa laki moja na themanini, nimesoma wiki kumi, nimepata cheti cha PDF. Walimu wenzangu watatu wa hapa Tanga wameshaniuliza kama kozi inafaa, na nimechoka kurekodi sauti zilezile kwenye WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja. Jina la wenye kozi sitalitaja. Kozi za namna hii ziko kadhaa na zinafanana, kwa hiyo haya yatakusaidia kuipima yoyote utakayokutana nayo.

Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, na nipo katikati ya tasnifu ya uzamili kuhusu tafsiri ya mazungumzo katika hadithi. Nadharia ninayo. Matini chanzi (andiko unalolitafsiri), matini lengwa (tafsiri yenyewe), visawe (maneno yanayolingana maana katika lugha mbili), tumeyakariri tangu shahada ya kwanza. Nilichokuwa natafuta ni mtu wa kukaa na mimi juu ya sentensi moja mpaka ikae sawa.

Video zilizorekodiwa hazikunipa hicho. Kila wiki ziko tatu, na msemaji anasoma slaidi neno kwa neno kama anayetangaza vifo redioni. Za wiki tatu za mwanzo niliziharakisha na sikukosa kitu. Tatizo kubwa ni bando. Hakuna pa kupakua sauti peke yake, video haishushwi ubora, na wiki ya pili GB tano ziliniishia Jumatano. Wenye kozi wanasema inamfaa mwalimu popote alipo. Labda popote penye Wi-Fi ya bure.

Sasa Jumamosi. Saa mbili usiku tunaingia moja kwa moja, watu kumi na wanne na mwalimu mmoja, kila mtu na ukurasa wake. Hapa ndipo hela yangu ilipofanya kazi.

Wiki ya nne tulipewa hadithi fupi ya Kiingereza, mume na mke wanagombana jikoni, na jirani mwanamume yuko mlangoni. Kiingereza kinamtenganisha mwanamume na mwanamke kwa neno moja dogo, na mwandishi ameutumia mwanya huo kurasa nne nzima bila kutaja jina la mtu. Nikaandika kwa raha zangu: "Alisema amemwona." Mwalimu akaniambia nisome kwa sauti, halafu akauliza: nani kasema, nani kaona, nani kaonwa? Kimya. Ile "a" yetu haijui mume wala mke, na mimi nilikuwa nimewameza watu watatu ndani ya maneno mawili.

Mwenzangu mmoja akapendekeza tuwape majina. Mwalimu akakataa, akasema mwandishi aliwanyima majina kwa makusudi. Akatutaka kila mtu asimulie kwa dakika moja ugomvi wowote aliowahi kuushuhudia mtaani kwao, bila kutaja jina, yeye akiandika. Tulipomaliza akatuonesha: "yule mwanamke", "huyu bwana", "mwenzake", "mwenye nyumba", "yule wa mlangoni". Tulikuwa tunawatenganisha watu vizuri kabisa, tena bila kujua. Nilirudi kwenye ukurasa wangu nikaandika: "Mume akasema yule wa mlangoni kamwona mkewe." Si sentensi ya kutundika ukutani, lakini kila mtu anajulikana alipo. Nusu ya sura ya tatu ya tasnifu yangu imetoka kwenye saa ile moja.

Wiki ya sita ilikuwa ya Mwalimu Nyerere. Shakespeare kwenye jina la tamthilia yake kaweka mfanyabiashara mmoja wa Venice. Nyerere mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, akaiita "Mabepari wa Venisi". Mmoja amegeuka wengi, na mfanyabiashara amegeuka bepari. Sote tukarukia hapohapo: siasa hiyo, ujamaa umeingia mpaka Venisi! Basi mzee mmoja wa Mombasa, mstaafu wa bandarini, ambaye kwa kawaida kamera yake huonesha feni tu, akakohoa. "Nyie watoto wa Azimio," akasema, "bepari mie nalisikia kwa Wahindi tangu sijaingia skuli, na maana yake mtu wa biashara, basi." Na kweli, neno limetoka India na huko ni mfanyabiashara tu, ubaya limeupata baadaye. Kwa hiyo Nyerere alishika neno lenye nyuso mbili. Alikusudia zote mbili? Hatukukubaliana. Kipindi kilipitiliza dakika arobaini na hakuna aliyetoka, ingawa kwangu umeme ulikuwa umekatika na simu imebaki asilimia tisa.

Wiki ya saba waliiharibu wenyewe. Ilikuwa zamu ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuja kwetu mwaka 2022 kwa jina la "Peponi", tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota. Wahusika wengi mle wanaongea Kiswahili kichwani mwa mwandishi, ila kinatufikia kwa Kiingereza. Mfasiri anakirudisha nyumbani. Sasa matini chanzi ni ipi hapo? Swali kama hilo lilistahili Jumamosi mbili. Walilitengea dakika ishirini, zilizobaki tukaoneshwa jinsi ya kupakia faili.

Hata hivyo katika dakika hizo ishirini liliibuka jambo moja. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri aliyezoea kumwita "Uncle Aziz". Kumbe ni mtu anayemdai baba yake, na Khalil, kijana anayefanya kazi dukani kwa tajiri huyo, anamwambia wazi kwamba yule si ndugu yake. Kiingereza kina neno moja tu. Ukiandika mjomba umemtoa kwa mama, ukiandika ami au baba mdogo umemtoa kwa baba, na mwenyewe hatoki popote. Mfasiri lazima aseme uongo wa upande fulani, na uongo huo lazima umfae Khalil atakapokuja kuuvunja.

Nimeeleza kwa kirefu ili uelewe hasira yangu juu ya majaribio. Kila mwisho wa wiki kuna maswali ya kuchagua, yanasahihishwa na kompyuta. Wiki ya nane swali lilikuwa na kipande cha hadithi, na humo "uncle" mmoja. Majibu manne: mjomba, shangazi, babu, binamu. Jibu lao ni mjomba. Mimi nilikuwa nimeshamsomea mama yangu hadithi ile nzima jioni anachambua mchele, na nilipofika mahali yule mtu anapogombea shamba lililoachwa na babu mzaa baba, alisimamisha mkono. "Mjomba gani anarithi kwa kina baba? Huyo ba'mdogo, mwanangu, au umesoma vibaya." Hakuwa na PDF wala slaidi. Nikaliacha swali wazi, nikapata sifuri, nikaandika malalamiko ya aya mbili. Nilijibiwa baada ya siku nne, kwa Kiingereza, kwamba majibu yameshathibitishwa.

Mengine ni madogo. Orodha ya makala za kitaaluma ni nzuri, na nyingi zimetoka Swahili Forum, jarida linalosomwa bure mtandaoni, kwa hiyo hizo unaweza kuzifuata hata usipolipa kozi. Kuna mwenzetu alituma kazi iliyofanywa na mashine. Tulimkamata kwa sababu familia ya kwenye hadithi ilikuwa inakula chakula cha usiku saa saba, na jua ndiyo kwanza linazama. Cheti kina nembo ya kupendeza, ila sijaona mahali pa kukipeleka.

Ningelipa tena? Kwa Jumamosi peke yake, elfu themanini ningetoa bila kuuliza. Ile laki ya video na majaribio nawadai. Wakikuruhusu kununua vipindi vya moja kwa moja bila mengine, nunua. Wasipokuruhusu, uliza kwanza darasani mtakuwa wangapi, maana nasikia awamu ijayo wanataka kuingiza watu sitini, na kwa watu sitini hakuna atakayeambiwa asome kwa sauti.