Siku ya vyama vya wanafunzi: inachompa mgeni wa chuo na inapomwachia njiani

Vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo kwa siku ya vyama. Meza hupangwa ukumbini au uwanjani, kila klabu hutundika bango lake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita wakijiandikisha. Tukiipima kama huduma nyingine yoyote, tunaipa nyota tatu kati ya tano. Inafanya vizuri sana kazi ya kuonyesha kilichopo. Kazi ya kumwingiza mgeni katika maisha ya chuo haiifanyi, na wengi wanaokatishwa tamaa walidhani kwamba kujiandikisha kulitosha.

Tuanze na sifa zake, maana ni za kweli. Ndani ya saa mbili unaona vikundi ambavyo ungehitaji muhula mzima kuvigundua: kwaya, midahalo, vyama vya kitaaluma, timu za michezo, jumuiya za kidini, gazeti la wanafunzi, wajitolea wa huduma ya kwanza. Utakuta pia matawi ya mitandao ya kimataifa kama AIESEC, mtandao wa vijana wa uongozi na mabadilishano ya kimataifa ulioanzishwa mwaka 1948, au Rotaract, klabu za vijana za kujitolea zilizoanza mwaka 1968 chini ya Rotary, shirika la kimataifa la huduma kwa jamii. Matawi ya aina hii yana faida ambayo mezani haitajwi sana: ukihamia chuo kingine, kuna uwezekano mzuri wa kukuta wenzako huko.

Kasoro ya kwanza ni kwamba anayekaa mezani ni msemaji hodari wa klabu, na mara nyingi siye anayeendesha mikutano. Bango zuri, fulana na peremende havikuambii kama kikundi kiko hai. Kasoro ya pili iko kwenye orodha. Majina huandikwa kwa mkono, baadaye mtu mmoja huyachapa, na anwani ya barua pepe yenye herufi moja isiyosomeka haifiki popote. Mgeni anasubiri ujumbe wiki tatu, kisha anahitimisha kwamba hawakumtaka. Dawa yake ni wewe kuchukua taarifa zao, usiishie kuwaachia zako. Piga picha ya bango lenye siku, saa na chumba cha mkutano wa kwanza, na uondoke na namba ya katibu.

Kasoro ya tatu wanafunzi hujiletea wenyewe: kujiandikisha kila mahali. Ukiacha jina kwenye meza kumi na tano, baada ya wiki moja simu haitulii, unanyamazisha makundi yote ya WhatsApp, na pamoja nayo unanyamazisha lile moja ulilolihitaji. Meza tatu zinatosha.

Ili uzichague hizo tatu, usiulize klabu inafanya nini, kwa sababu hilo limeandikwa kwenye bango. Uliza mkutano uliopita ulifanyika lini na walihudhuria wangapi. Uliza mnakutana mara ngapi, siku gani, chumba gani. Uliza ada ya uanachama inalipwa lini na kama kuna risiti. Klabu iliyotulia hukuruhusu uhudhurie mara moja au mbili kabla ya kulipa. Uliza mlezi wa klabu ni nani. Kisha uliza ni kazi gani mgeni anaweza kupewa mwezi huu. Ukijibiwa "tutawajulisha kwenye kundi" kwa kila swali, kikundi hicho hakina ratiba, na kikundi kisicho na ratiba kitakuwa kigumu kwa mtu asiyemjua yeyote.

Suala la ratiba tunalikazia kwa sababu ndipo siri ya jambo zima ilipo. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kwamba watu wasiojuana huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wafikie urafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ili wawe marafiki wa karibu. Sasa piga hesabu. Klabu inayokutana saa mbili kila mwezi inakupa saa nane katika muhula wa miezi minne. Inayokutana saa mbili kila wiki inakupa 28 katika wiki 14. Kwaya au timu yenye mazoezi mara mbili kwa wiki inafika 56. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejiunga na klabu tano zinazokutana mara moja kwa mwezi, tena zenye watu tofauti, anaweza kumaliza muhula akiwa amechoka na bado hana rafiki. Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kwa kiasi kile kile cha saa za mapumziko. Maana yake, dakika ishirini za chai na maongezi baada ya mazoezi ni sehemu ya mazoezi. Usiwe wa kwanza kutoka mlangoni.

Mkutano wa kwanza ndio mtihani, na wengi hufeli kwa kuchelewa. Ukiingia watu wameshakaa kwa makundi yao, utaketi nyuma na kuondoka bila kusema neno. Fika dakika kumi mapema, wakati viongozi wawili watatu wanapanga viti, na uwasaidie. Kabla hujaondoka, omba jukumu dogo lenye mwisho unaojulikana: kuchukua mahudhurio, kuandika muhtasari wa kikao kimoja, kusimamia vipaza sauti siku ya tukio. Klabu ya midahalo inalionyesha hili vizuri. Katika mtindo wa bunge la Uingereza kuna timu nne za watu wawili wawili, dakika 15 za maandalizi, na kila msemaji ana dakika saba. Mgeni anayeogopa kusimama anaweza kushika saa na kugonga meza dakika ya kwanza na ya sita, kuashiria muda ambao wapinzani wanaruhusiwa kuomba nafasi ya kuingilia hotuba. Baada ya vikao vinne anazijua kanuni, na kila mzungumzaji anamjua yeye.

Jukumu moja tunashauri ulikatae muhula wa kwanza: uweka hazina. Mara nyingi makabidhiano hufanyika bila daftari wala risiti, na pengo la zamani huhesabiwa kuwa lako.

Kuhusu muda, hesabu iwe ya kweli. Mwenye saa 15 za mihadhara kwa wiki, akijisomea saa mbili kwa kila saa ya darasani, ana saa 45 za kazi tayari. Kinachobaki kwa vyama bila kuumiza masomo ni saa tatu hadi tano. Hiyo ni klabu moja ya kila wiki na nyingine ya mara mojamoja, basi. Majaribio ya katikati ya muhula ndiyo huwapoteza wengi: wanakosa vikao viwili, wanaona haya, hawarudi tena. Mwambie katibu mapema kwamba hutaonekana wiki mbili, taja tarehe ya kurudi, kisha rudi.

Wanaoishi nje ya chuo huduma hii inawasahau kabisa, kwa kuwa vikao vingi ni vya jioni. Watafute vikundi vya mchana kati ya mihadhara, hasa vyama vya idara zao, ambavyo wanachama wake wanakutana darasani vilevile.

Tukilinganisha na huduma nyingine za wiki ya utambulisho, mpango wa washauri wa mwaka wa pili au wa tatu tunaupa nyota nne. Mshauri mmoja mwenye wageni wachache anaweza kufanya kile ambacho meza haiwezi: kukusindikiza mpaka kwenye mlango wa kikao. Mwombe hivyo waziwazi. Kundi kubwa la WhatsApp la mwaka wa kwanza linafaa kwa matangazo ya vyumba na ratiba tu.

Kama siku ya vyama imekupita, hujakosa mengi. Ofisi inayosimamia masuala ya wanafunzi kwa kawaida huwa na orodha ya vyama vilivyosajiliwa, pamoja na majina ya walezi wake. Na mwanzo wa muhula wa pili mara nyingi ni rahisi zaidi kwa mgeni: wengi wa waliojiandikisha kwa shangwe wameshaacha, nafasi kwenye kamati zimebaki wazi, na viongozi wana muda wa kukuelekeza.