Mashine pepe nne ndani ya kompyuta ndogo: uzoefu wangu katika joto la Tabora

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa ninatumia kompyuta ndogo ya mezani aina ya Lenovo ThinkCentre M720q, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta moja halisi, ninazofundishia vijana masomo ya seva na mitandao hapa Tabora mjini. Kasha lake lina ujazo wa lita moja hivi, na ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-8500T yenye viini sita (sehemu zake zinazochakata kazi), ya wati 35, pamoja na RAM ya GB 32. Nimeweka Proxmox, programu ya kuendeshea mashine pepe, na juu yake zinafanya kazi mashine nne: moja ya Windows Server na tatu za Debian, ambayo ni aina ya Linux.

Wakati wa baridi ya Juni na Julai sikuwa na la kulalamikia. Septemba ilipoingia, jua likiwa kali na mvua bado iko mbali, mashine zilianza kusuasua kila ifikapo saa saba mchana, na wanafunzi wakadhani tatizo ni mtandao. Nilipopima kwa lm-sensors, programu ya kusoma joto la ndani ya kompyuta, nilikuta prosesa imefika nyuzi 96, karibu kabisa na ukomo wake wa nyuzi 100, kwa hiyo ilikuwa ikijipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Nilifungua kasha. Mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikamana na nyuzinyuzi za nguo hata likawa kama kipande cha blanketi, na pesti ya kupitishia joto ilikuwa imekauka, ikimeguka kama udongo wa kiangazi. Nilipuliza vumbi kwa blowa huku nimeizuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo beringi zake huharibika, kisha nikafuta pesti kwa spiriti na kupaka nyingine kiasi cha punje ya mbaazi. Joto lilishuka hadi nyuzi 84.

Lililobaki lilitokana na mgawanyo wangu mbaya. Kila mashine pepe nilikuwa nimeipa viini vinne, jumla kumi na sita juu ya viini sita vilivyopo, na zote zilikuwa zikijisasisha saa ileile. Nilizipunguzia hadi viwili viwili, nikahamishia usasishaji na nakala za akiba saa nane usiku, kisha nikazima Turbo Boost, yaani uwezo wa prosesa kujiongezea kasi, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) ili prosesa ibaki kwenye kasi yake ya msingi ya GHz 2.1. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa nafuu kubwa kuliko zote, ingawa Windows Server sasa inachelewa kidogo kuwaka. Kompyuta yenyewe niliitoa pia nyuma ya skrini ilikokuwa na kuisimamisha wima mahali pa wazi, bila kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kufunikia vyombo vya umeme.

Oktoba, darasa likiwa limejaa na mashine zote nne zikiwa kazini, sikuona joto likizidi nyuzi 71. Kiangazi naifungua na kuipuliza kila mwezi. Mvua zikianza, kila baada ya miezi mitatu.